Maji ya Mwisho wa Bomba

Isevya,
Tabora.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Damas,

Najua ungeanza na shikamoo, basi marahaba yako hii hapa. Hamjambo huko Songea? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, ila magoti ya mama hayaishi kulalamika.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia. Binti yako Agnetha aliharisha sana, akalazwa siku mbili. Sasa amepona, anafukuza ndama wa jirani. Kosa lilikuwa langu, si la mama.

Unaijua kazi yangu ya kupima maji. Mvua zilileta majani na tope kwenye chanzo, dawa ya kuua vijidudu ikaongezwa. Dawa hiyo ikikutana na uchafu wa majani huzaa kemikali nyingine, na maji yakilala sana bombani zinazidi. Ubaya wake ni kwa mtu anayezinywa miaka na miaka. Nikamweleza mama, kwa kuwa Choma, anakoishi na Agnetha, ndiko bomba linakoishia. Mdomo wangu huu! Yeye alishika neno sumu tu, akarudi lamboni na ndoo yake, na mtoto akanywa maji hayo machafu.

Sasa tunachuja uchafu kwanza ndipo tunatia dawa. Juzi nilikwenda Choma na mwenzangu Masele kufungua koki ya mwisho ili maji yaliyolala yatoke. Mama akasimama anatazama.

“Eustadia, mgongo wangu uliishia njia ya lambo, nawe unayamwaga chini?”

Niliona aibu. Masele akachimba mfereji, ng’ombe wakanywa.

Vipimo vilipotoka vizuri nikamkingia mama kikombe. Akakikataa mpaka nionje, kama anavyoonjewa mgeni pombe. Nikanywa chote. Akakinga kingine, akasema hicho ni cha Agnetha. Damas, nina karatasi za vipimo mkobani, lakini hicho nilikinusa kwanza. Nikaonja, nikampa mtoto. Akanywa, akaomba tena.

Nisamehe, ndugu yangu. Msalimie wifi Theodora, na Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ila usiweke barua hii kabla hujampigia mama. Anajua nakuandikia, na anaamini utamchukua mtoto. Amefua nguo zote za Agnetha, amezikunja kwenye mfuko, ameuweka mlangoni. Mwambie azitoe.

Dada yako, anayekupenda hata akikosea,
Eustadia