Sali Kwanza, Kisha Utoe Gari

Baba Yengi,

Chai iko kwenye chupa, mihogo nimeifunika.

~~Leo panda boda.~~ Hapana, nenda Koboko na gari. Pedi za breki nimebadilisha mwenyewe alfajiri. Pini zinazozishikilia zilikuwa zimeganda kwa kutu. Nikazimwagia mafuta, nikasali rozari yakipenya, kisha nikagonga taratibu kama tulivyofundishwa darasa la jioni la ufundi wa magari. Zikatoka! Na wewe ulicheka nilipojiunga na darasa hilo, "Mama mzima na spana!" Iliniuma.

Sasa sikiliza. Wewe husali gari likiwa tayari barabarani. Leo sali Baba Yetu kabla hujalitoa, huku ukikanyaga breki na kuachia, mpaka pedali iwe ngumu, maana pedi zikibadilishwa huwa laini kwanza. Ukifika Amina na pedali bado ni laini, usitoke. Ningoje nirudi kutoka Misa.

Mama Yengi, fundi wako