Kung'arisha Gari la Maiti

3 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kelele. Mimi mzima, kinachoumwa ni kibanda changu. Nang'arisha magari, Babu: napiga polishi, nasugua viti, nachokonoa vumbi la dashibodi kwa mswaki. Watu wanapita wakiniambia, "Maji na sabuni si hata nyumbani vipo?" Baba amesema hadi Juni nisipokuwa na kazi ya kueleweka, nifunge nikapime misumari dukani kwake. Nipe akili, wewe uliyekula ujana wako kwenye usukani.

Mjukuu wako

10 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Magoti yanalia kama mlango wa choo, lakini mwenyewe bado nacheka. Baba yako mwache, yule alizaliwa mzee.

Mimi niliendesha gari la maiti. Kazi nzuri: abiria halalamikii mwendo wala hadai chenji. Nikaona jambo. Mazikoni watu wamevaa vizuri, wamenyamaza, hawana pa kuangalia. Basi wanaangalia gari! Siku hizi analo Polepole, yule niliyemfundisha kazi, na amelichakaza kama kwato za punda. Ling'arishe mara moja, bure. Biashara ni matangazo.

Mumeo mzee

2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mkono hauinuki kwa kusugua.

Gari lilitoka kama kioo. Makaburini mjane alijitazama mlangoni akakaza kilemba. Shemeji yake akajichokoa meno. Mwisho ikawa foleni! Wiki ile ile wateja wakaanza kuja.

Sasa balaa. Tajiri wa magari ya harusi alikuja kunipa magari yake yote, akakuta gari la maiti liko kwenye zamu. "Kitambaa kilichofuta hilo ndicho kitafuta la bibi harusi?" Akageuza. Habari imesambaa, naitwa fundi wa wafu, na wateja wamepotea. Misumari inaniita, Babu.

Mjukuu wako

9 Aprili

Mke wangu,

Marahaba, na pole. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kama nimekabwa na mfupa.

Nunua vitambaa vyeupe vya harusi na vyeusi vya msiba, kila rangi na ndoo yake, uvitundike mlangoni vionekane. Kisha mwambie huyo tajiri kwamba marehemu mke mwenzio nilimuoa kwa gari la maiti. Teksi ilitufia njiani, nikakimbilia gari la kazini. Mama mkwe alipoliona akazimia. Tukamlaza nyuma, nafasi si ipo? Na ndoa ikadumu mpaka kifo, na kifo chenyewe kilimkuta bibi yako ameshalizoea gari. Muulize, ndoa ngapi zilizopanda magari yake bado zinapumua?

Mumeo mzee

28 Mei

Babu,

Shikamoo. Magoti je? Tajiri alicheka mpaka akakalia ndoo. Amesaini mkataba wa mwaka mzima! Baba alikuja, akazunguka kibanda, akahesabu vitambaa kama misumari ya dukani kwake. Kisha akaacha gari lake lisuguliwe.

Jumamosi nafungua kibanda cha pili, na mkata utepe ni wewe. Usihangaikie usafiri, Polepole atakufuata. Usiulize na gari gani.

Mkeo

Jumamosi asubuhi

Mke wangu mtundu,

Sina haja ya kukuuliza hali, najua unacheka. Naandikia juu ya goti, na barua hii nitakukabidhi mwenyewe.

Gari lako limesimama mlangoni kwangu likimeremeta. Jirani kuliona tu, yowe! Mwingine akaanza, "Alikuwa mtu wa watu," nami niko chooni nasikia. Nikajichelewesha makusudi, sifa zisikatike. Hata fundi cherehani, adui yangu wa drafti, kakiri mbele za watu kwamba nilikuwa namfunga kihalali. Hapo nikatoka na taulo. Wote mbio! Fundi cherehani akabaki, kajibanza nyuma ya gari.

"Rudia," nikamwambia, "sikusikia vizuri."

Sasa nimekaa mbele. Narudia: mbele! Nawapungia mkono mtaa mzima. Nyuma nitapanda siku yangu, na siku hiyo lisugue mpaka fundi cherehani ajione anavyolia.

Ila tumia vitambaa vyeupe, mke wangu. Mke mwenzio ananisubiri.

Mumeo, wa kiti cha mbele