Simu Moja ya Mwalimu Goreth

Dada Mwajuma, shikamoo.

Nakuandikia vidole vikinuka ndagala, maana hapa Rumonge samaki hao wadogo tunakula kwa mawese asubuhi na jioni, nami sijachoka. Leo nilimsindikiza Goreth, yule niliyesoma naye Kasulu, akiwapeleka wanafunzi wake ufukweni. Darasa zima lina simu moja, ya kwake. Wanarekodi sauti tu, bila picha, kisha darasani wanafumba macho, wanasikiliza na kuchora walichosikia.

Mama mmoja anayeanika ndagala alikubali kurekodiwa. Walipomaliza, Goreth akamsikilizisha, kama afanyavyo kwa kila mtu. Mama akajisikia akimwambia mteja kwamba ndagala za jana ni za leo.

"Hapana, mwalimu. Hii futa. Iko ya kunifukuzia wateja."

Watoto wakaguna, maana ndiyo iliyowachekesha kuliko zote. Goreth hakubembeleza. Alimpa simu, akamwonyesha pa kubonyeza, mama akafuta kwa kidole chake mwenyewe. Akangoja, akaisikiliza simu ilivyo kimya. Halafu akaketi mchangani, akajifunga kitenge vizuri, akashukuru kwa Kirundi.

"Murakoze. Sasa anzeni tena. Nitawaimbia ile ya kuanika, ya mama yangu. Hiyo musifute."

Najua simu za shule yako unazifungia kabatini, dada, na sikuombi uzitoe zote. Toa moja tu.

Wabusu wanao, na Mungu akupunguzie maumivu ya hilo goti.

Mdogo wako,
Asha