Kijiko cha Bibi Zamda

Misima, Handeni
9 Machi 1975

Mwanangu Zuena,

Hujambo? Unakula? Huku wazima, ila goti la baba yako linalalamika, mwenyewe kanyamaza. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siyo wa Fabiani, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima! Juzi kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema, "Mwanangu yuko Dar es Salaam, anatibu maini!" Mwenyekiti akasema, "Mama Zuena, tunazungumzia pamba." Nikamwambia pamba itangoja. Haya, umeshaponya wangapi?

Mama yako,
Swaumu

Dar es Salaam
21 Machi 1975

Mama, shikamoo.

Mwandiko wako umenitoa machozi. Mimi mzima. Lakini sijaponya mtu, mama, bado ni panya. Daktari akikata uvimbe kwenye ini, hubana mshipa ili damu isimwagike. Ini linavumilia. Ajabu ni kwamba linaumia zaidi damu inaporudi. Nikifungua kibanio, damu inaingia kwa kishindo, ini linavimba. Panya kumi na wawili wamekufa. Mwalimu wangu kanipa hadi mwisho wa Aprili. Nisipopata njia, utafiti unafungwa. Tafadhali, usitangaze.

Mwanao,
Zuena

Misima
2 Aprili 1975

Mwanangu,

Salaam, na pole kwa panya. Kumbe ni hilo tu!

Mwaka jana wakati wa njaa, mjomba wako Mwinjuma alipotea porini siku nane. Walipomleta, mimi kwa furaha nikamsongea ugali sufuria nzima. Bibi yako Zamda akanipiga mkono: "Njaa imemwacha, unataka kummaliza wewe?" Akakoroga uji mwepesi. Kijiko kimoja, akakiweka chini, akahesabu pumzi kumi. Kijiko kingine, akakiweka chini. Mjomba analia, anatukana, bibi hana habari. Leo analima, na matusi yake yapo palepale.

Sasa wewe unawamwagia panya damu yote kwa mara moja! Umelelewa na nani?

Sijatangaza. Nimemwambia jirani yetu Grasiana tu, naye kaenda Korogwe kuuza kuku.

Mama yako,
Swaumu

Dar es Salaam
25 Aprili 1975

Mama, shikamoo, na tena shikamoo!

Nilifungua kibanio nikahesabu hadi kumi, nikabana nikahesabu hadi kumi, nikafungua tena. Mara sita, ndipo nikaachia. Panya kumi, wanane wazima! Mwalimu kauliza nimejifunza wapi. Nikasema nyumbani. Utafiti unaendelea mwaka mzima! Kwa binadamu bado ni mbali, mama, usiwaambie watu vingine. Ila kwenye taarifa, mahali pa shukrani, nimeandika majina mawili. Nakala imo humu.

Mwanao,
Zuena

Misima
6 Mei 1975

Mwanangu wee!

Hujambo? Mimi leo sina ugonjwa hata mmoja. Karatasi yote Kiingereza, lakini "Zamda" na "Swaumu" nimeyasoma mwenyewe! Fabiani alitaka kunisomea, nikamwambia akae chini. Korogwe nzima wanajua, sijui nani kawaambia.

Bibi yako kaweka kidole juu ya jina lake, hakukitoa mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Na wale wawili waliokufa? Alihesabu pumzi za nani?" Nikasema labda zake mwenyewe. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Anasema yeye alihesabu za mgonjwa.

Jibu upesi. Amekaa mlangoni anangoja.

Mama yako,
Swaumu