Jembe la Mtani

Chimanimani,
2 Juni 2019

Mdogo wangu mpendwa Sekesai,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Miguu yako imepata nafuu? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Kikohozi cha baridi hii hakikosi, lakini nakula na nalala. Barua yako niliipata mwezi wa nne. Uliniuliza swali moja tu: wifi yako Ratidzo alipochukuliwa na mafuriko, Mungu alikuwa wapi? Nami, mzee wa kanisa, nimekaa na barua hiyo mpaka leo. Nivumilie nikueleze kwa utaratibu, maana unajua siwezi kueleza kitu kwa ufupi.

Kimbunga kilipopita, mawe makubwa kama nyumba yalikuwa yameporomoka kutoka mlimani na kukaa pale palipokuwa na jiko letu. Tulimtafuta Ratidzo wiki nzima, hatukupata hata kitambaa chake cha kichwa. Madaraja yalikuwa yamevunjika, kwa hiyo ndugu hawakuweza kufika. Siku ya nane akatokea mtani wetu Muchapondwa, ametembea siku mbili kuvuka mlima, jembe begani. Unajua kwamba tangu enzi za babu watu wa ukoo wake ndio wanaotuchimbia makaburi, na ndio wenye ruhusa ya kututania msibani.

Akasalimia, akauliza achimbe wapi. Hapakuwa na wa kuzikwa.

Basi, kwa kuwa nguo za marehemu, ambazo mtani huzivaa ili amwigize, hazikubaki, alifunga koti lake mwenyewe kiunoni kama kitenge, akaniita kwa sauti ya Ratidzo kabisa: “Mwalimu! Njoo ule, sadza haingoji umalize madaftari!” Waombolezaji walicheka huku wanalia. Mimi nilikasirika, nikamwambia aondoke. Akasema hakutembea siku mbili kuja kutazama sura yangu, ambayo hata kabla ya msiba haikuwa ya kutazamwa. Amekuja kuchimba, na atachimba.

Kweli alichimba. Alianza na nyumba ya jirani iliyojaa tope hadi madirishani, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Kila asubuhi alipita kwangu akipiga kelele: “Mwalimu, leo chaki hakuna, njoo ushike koleo!” Mwishowe nilikwenda, ili anyamaze tu. Tulitoa tope kwenye nyumba kumi na moja, kisha tukaingia kanisani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonizuia kukujibu. Mchungaji aliniomba niongoze sala ya kuwaombea wale ambao hawakupatikana, Jumapili ya kwanza kanisa likiwa safi. Nilikubali, ingawa tangu mafuriko sikuwa nimesali hata mara moja. Kila mara watu walipoinamisha vichwa kwenye maombi, mimi nilichezesha midomo nikihesabu jedwali la kuzidisha la saba. Ndiyo, Sekesai. Kwa wiki saba watu waliniona mtu wa imani, kumbe ni saba mara nane, hamsini na sita.

Ijumaa, tukiwa kwenye maombi kwa jirani, Muchapondwa alikaa karibu nami akanisikia. Alinisubiri nje. Nilidhani atanitangaza kijiji kizima. Akasema, “Mwalimu, hesabu zako Mungu anazijua. Kama umemkasirikia, mgombeze basi! Ratidzo alikugombeza miaka thelathini na miwili, ulidhani hakupendi?” Nikacheka, Sekesai, mara ya kwanza. Kisha nikalia. Alinishika kwa mikono yake yenye tope, na wakati huo hakutania.

Jumapili nilisimama. Nilimwambia Mungu mbele ya kanisa zima kwamba nimemkasirikia, kwamba simwelewi, na kwamba namshukuru kwa mtu aliyeleta jembe mahali pasipo na kaburi. Nikaishia hapo. Mchungaji alingoja niendelee, lakini watu walikuwa wameshaitikia amina.

Mungu alikuwa wapi siku ile sijui, na sitakudanganya. Ninachokijua ni cha siku ya nane: Muchapondwa hakuvuka mlima ule peke yake.

Daraja la muda limefunguliwa, na kando ya mawe yale tumepanda mboga. Njoo. Muchapondwa anakusalimu, na anasema usipokuja kumlilia wifi yako, siku ukifa ataigiza mwendo wako wa bata mbele ya wakwe zako wote. Anaweza, tena kwa furaha.

Wabusu watoto, umpe shemeji mkono wangu.

Kaka yako anayesali tena,
Tapfumaneyi