Gari Lisilozimwa

Mama Mwende wangu,

Mko wazima? Kifua cha mama kimetulia? Mimi niko hai. Naandikia gotini, usicheke mwandiko. Naandika nikiwa Naivasha, na Nakuru sijui nitarudi lini.

Lile gari jipya la mdosi, tajiri wangu, nilikuambia halina pa kutia kifunguo. Unabonyeza kitufe, linawaka. Unabonyeza tena, linazima. Kifunguo kinakaa mfukoni tu, bora kiwe ndani ya gari. Jana asubuhi, kwa sababu ya hizi vurugu za uchaguzi, mdosi aliniambia nimlete mama yake mzee kwa binti yake huku. Akaliwasha mwenyewe, akamuaga mama yake, akashuka. Likalia pii, pii. Mimi nikadhani ni mkanda wa mama! Nikaondoka.

Karibu na Gilgil simu ikalia. "Mutua, kifunguo niko nayo mimi! Usizime gari, ukizima haiwaki tena!"

Nikasema Mungu wangu. Kabla sijakata simu, mbele kuna mawe, matairi yanawaka na vijana wana mapanga.

"We dere, zima! Leta kifunguo!"

Mama Mwende, huko barabarani ndiyo desturi yao. Ukishawapa kifunguo hawakuangalii tena, wanajua huendi popote. Sasa ningewapa nini? Na ningewaambia gari linatembea bila kifunguo, nani angeamini? Wangenikata wakidhani nawachezea.

Mfukoni nilikuwa na kifunguo kimoja tu. Kile cha nyumba yetu, ulichonipa nikiondoka Kitui ukisema, "Usije ukabisha kwako kama mgeni." Nikakitoa. Roho iliniuma, lakini nikakitoa.

Kijana akakitia mfukoni bila kukitazama. "Ngoja hapo, mzee." Mguu wangu ulikuwa kwenye breki, injini inanguruma polepole. Yule mama akaanza kukohoa kwa nguvu, sijui ni moshi au ni akili ya kuficha mngurumo. Aliendelea hivyo hivyo mpaka wakaliendea lori lililokuwa nyuma yetu. Upande wa kushoto palibaki upenyo wa kupita gari moja. Nikaachilia breki.

Walirusha mawe, kioo cha nyuma kikaenda. Mama hakuumia, ashukuriwe Mungu. Nilizima gari ndani ya geti la binti yake, na mpaka sasa limekaa pale kama jiwe. Mdosi anatafuta askari wa kuleta kifunguo. Kikifika nitamrudishia gari lake, kisha nakuja nyumbani. Uliniambia nirudi tangu Krismasi, nikakuita mwoga. Nisamehe.

Msalimie mama, na shemeji yako Musyoka, mwambie awafungie mbuzi mapema. Mwende mbusu.

Kufuli usibadilishe, wale hawapajui kwetu. Ila mimi sasa sina cha kufungulia. Ukisikia mtu anabisha, mpenzi, hata kama ni usiku wa manane, usiulize ni mgeni gani. Nifungulie.

Wako,
Baba Mwende