Sufuria za Kuingiana

Daraja Mbili, Arusha
7 Machi 1955

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila uchovu. Mkono wako unaendeleaje? Nasikia bado hauwezi kuinua chungu. Sina raha ukikaa peke yako huko Nkoaranga. Njoo kwetu. Shida ni chumba: tunapika humo, tunalala humo, na masufuria yamekalia kona ambayo ingekuwa yako. Nitatafuta njia.

Mwanao,
Elinaza

Nkoaranga
20 Machi 1955

Mwanangu,

Marahaba. Mkono ni ule ule. Jirani yangu Tabitha ndiye anayeniandikia, na moto ananiwashia yeye. Usijisumbue. Mtu halali juu ya masufuria.

Mama yako

Daraja Mbili
2 Juni 1955

Mama,

Shikamoo. Poleni na baridi ya mlimani. Nimekawia kuandika. Nikitoka kufua nguo za watu napitia kwa fundi bati, Ephraimu. Nilimwomba sufuria tatu za kupandana juu ya jiko moja: chini makande, katikati ndizi, juu mboga. Zikishaoshwa ziingiane, nizitundike ukutani.

Akauliza, "Mama, unataka sufuria au sanduku?"

Nikamwambia, "Vyote viwili."

Za kwanza risasi aliyoungia bati iliyeyuka, makande yakazima moto, watoto wakalala na uji. Za pili mvuke haukupanda. Nilitaka kuacha. Hizi za sasa amekunja pindo bila risasi, na zile za juu amezitoboa matundu chini. Zinaivisha. Kona iko wazi, baba watoto ameweka kitanda. Panda lori la kahawa, uje.

Mwanao,
Elinaza

Nkoaranga
30 Agosti 1955

Mwanangu,

Nimerudi nyumbani salama, mafua tu. Hamjambo hapo? Nilikuaga haraka kwa sababu ningekutazama nisingeondoka.

Kitanda kilikuwa kizuri. Sufuria zako nimezisimulia kanisani. Lakini mkishatoka asubuhi nilikuwa nakaa hapo, kila kitu nakifikia bila kusimama, na hakuna wa kusema naye. Wenzako wa uani walikuwa wakinisalimu kwa Kiswahili, najibu, kisha maneno yananiishia, maana nimezoea lugha yetu. Hapa Tabitha amehamia kwangu. Tunapika polepole na kugombana kuhusu chumvi.

Walaze watoto kwenye kitanda kile.

Mama yako

Daraja Mbili
14 Septemba 1955

Mama,

Shikamoo. Mafua yamepoa? Sina hasira, nimechoka tu. Nilidhani unachokosa ni nafasi.

Wanawake wa uani wanamsumbua Ephraimu awatengenezee kama zangu. Watoto wamekikataa kitanda, wanasema ni cha bibi. Jana nilirudi kutoka kazini nikajilaza hapo, nimejifunika kanga mpaka kichwani. Waliniamsha wao, wakiuliza kama umerudi.

Mwanao,
Elinaza